Bao la Rashidi Chepe

Mwanangu Mwanaisha,

Barua huanza kwa salamu kwa kuwa anayeandika yuko mbali na anayeandikiwa. Mimi na wewe tumetenganishwa na ukuta mmoja. Niko barazani kwenye kiti changu, nawe uko chumbani unabishana na mama yako juu ya sanduku. Yeye anataka lifunguliwe tena, litiwe kopo la pili la visheti. Wewe unasema, "Mama, wallahi zipu itapasuka." Yeye anajibu, "Ikipasuka itafungwa kamba. Kwani wewe ndiye wa kwanza kusafiri na kamba?" Najua nani atashinda. Visheti vitaingia.

Habari za safari sitazigusa. Blanketi, baridi ya Eldoret unakokwenda kucheza, mafuta ya midomo, kutopokea soda ya mtu usiyemjua kwenye treni, yote umeshaambiwa, na kesho ukifika mlangoni utaambiwa tena. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo zaidi ya miaka thelathini. Daktari aliyenipima moyo mwezi uliopita alinieleza hali yangu kwa Kiingereza kirefu sana. Njiani nilipoitafsiri, kwa Kiswahili ilikuwa fupi. Usihuzunike, mimi sikuhuzunika. Nina miaka sabini na minane, nimesomesha watoto wa watu, na nimekuona ukinyanyua kikombe cha ligi. Lakini kuna neno sijalisema, na sitaki nizikwe nalo.

Tangu utotoni ulinisikia nikisema, "Refa hakosei." Ulidhani ni mzaha wa mzee aliyewahi kupuliza filimbi. Haukuwa mzaha. Ndivyo nilivyoishi. Darasani nikiandika tarehe vibaya ubaoni, niliwaambia wanafunzi nilikuwa nawapima macho. Na ile redio yangu iliyonyamaza ulipokuwa na miaka tisa, nikakutia hatiani, nikakunyima mpira wiki nzima? Betri nilizitia mimi, kinyume. Nililigundua jambo hilo siku ileile, kabla ya chakula cha mchana. Nikazigeuza, redio ikaimba, nikasema imejitengeneza. Wewe ulikuwa umekaa kizingitini na magoti yako yenye vumbi, ukanitazama. Naomba radhi, mwanangu. Na hiyo ndiyo ndogo.

Kubwa ni hii.

Kabla hujazaliwa, kabla sijamjua mama yako, nilikuwa mkufunzi wa chuo na refa wa jioni. Mke wangu wa kwanza alikuwa amefariki, nyumba ilikuwa kimya, na filimbi ilinipa sababu ya kutoka. Siku moja kulikuwa na fainali hapa hapa mtaani kwetu Shika Adabu, kwenye uwanja huu wa mbele ya msikiti ambao umeuchakaza kwa viatu vyako. Timu ya chuo changu dhidi ya vijana wa mtaani. Leo mtu angeuliza, refa gani huyo anayechezesha timu ya chuo chake mwenyewe? Wakati ule hakuna aliyeuliza. Nilikuwa mwalimu, na neno la mwalimu lilitosha.

Wachezaji wa chuo walichelewa. Lori lao lilikwama ng'ambo kwenye foleni ya feri, na walipofika jua lilikuwa limeanza kuinama. Ndipo tukafanya kama ilivyokuwa desturi. Niliwaita manahodha wawili nikawaambia: hatutahesabu dakika za kipindi cha pili. Tutacheza mpaka adhana ya Maghrib. Mwadhini akisema Allahu Akbar, mpira umekwisha. Wakakubali. Saa ya mchezo ikawa ni sikio langu.

Vijana wa mtaani walikuwa na mchezaji mmoja mwembamba, mweusi tititi, anaitwa Rashidi. Walimpa jina la Chepe kwa sababu alikuwa na namna ya kutia kidole cha mguu chini ya mpira akauchota, ukapanda juu ya kichwa cha mtu ukashuka nyuma yake kama mchanga uliotupwa kwa chepe. Unamjua. Leo ana kitambi, na wewe unamwita Kocha.

Chuo kilikuwa mbele, bao moja kwa bila. Nami pumzi zilikuwa zimeniishia. Nilikuwa na miaka arubaini na kitu na nilizoea kiti. Kila Rashidi alipotoka na mpira nilibaki nyuma yake hatua ishirini, na watu pembeni wakaanza: "Refa kobe! Refa kobe! Mleteeni mkokoteni!" Hata watoto. Hata wanawake waliokuwa wakipita na ndoo. Kisha Rashidi mwenyewe, akirudi kuokota mpira, akanipitia karibu akasema kwa upole kabisa, "Shikamoo mwalimu. Ukichoka kaa, sisi tutakuhadithia."

Uwanja mzima ulicheka. Wallahi, na mimi leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Muda si muda Rashidi akapata mpira nje ya eneo la hatari. Kipa ametoka. Akachota. Niliuona ule mpira ukipanda, nikauona unakokwenda, na nikajua ni bao kabla haujaanza kushuka. Nikapuliza filimbi. Nikainua mikono juu nikasema, "Adhana! Mpira umekwisha!" Mpira ukatua wavuni.

Sikusikia adhana yoyote, Mwanaisha. Hakuna kilicholia. Niliua bao la kijana wa watu kwa sababu ameniambia nikae, na nikalisingizia jina la Mungu.

Unaweza kufikiri vurugu zilizotokea. Walinizunguka. "Adhana ya wapi? Nani kaisikia?" Mmoja ana jiwe, mwingine ameshika kigingi cha goli. Kisha mtu akasema, twendeni kwa mwadhini, naye atasema. Umati wote ukavuka njia, mimi nikisukumwa katikati kama kuku wa harusi, mpaka mlango wa msikiti.

Mwadhini alikuwa Mzee Bakari. Babu yako, mzaa mama yako.

Alitoka na kanzu yake ya kijivu, kofia mkononi. Wakamuuliza, "Mzee, umeadhini wewe?" Akatazama jua. Akatazama lile jiwe. Akanitazama mimi, nilivyokuwa natoka jasho. Kisha akasema, "Nimeadhini. Umeme hakuna tangu adhuhuri, nimeadhini kwa mdomo, bila kipaza sauti. Huenda nilitangulia kidogo, macho yangu na saa hii havipatani."

Basi. Nani atabishana na mwadhini mlangoni pa msikiti? Jiwe likaanguka chini. Watu wakaanza kumcheka yeye badala ya kunipiga mimi. Tangu siku hiyo akapewa jina, Mzee Mapema. Watoto waliokuwa hawajazaliwa siku ile walikua wakimwita hivyo. Akikaa penye kahawa, mtu atasema, "Nimiminieni haraka, Mzee Mapema asije akatuadhinia kikombe hakijajaa." Naye akicheka nao. Miaka yote hiyo akicheka nao, mpaka alipofariki wewe ukiwa na miaka mitano. Wewe pia ulikuwa ukimwita Babu Mapema. Ulidhani ndilo jina lake.

Je, nilijua kwamba alinisitiri? Nimejiuliza sana. Nilijua kama mtu anavyojua kuna nyoka kwenye makuti ya paa lake: hatazami juu. Nilijiambia, huenda kweli aliadhini, huenda masikio yangu yalisikia nami sikujua kwamba yamesikia. Mtu aliyesoma ana njia nyingi za kujidanganya kuliko asiyesoma. Hilo nalo ni somo, lakini hawalifundishi chuoni.

Wiki ya pili nilivaa kanzu safi nikaenda kwake kuomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Akanikaribisha, akaniita mwalimu, akaniuliza habari za mihogo na mvua, na kabla sijafungua mdomo binti yake akaleta kahawa na kashata. Nikanywa kahawa. Nikasema nitarudi. Nilirudi wiki iliyofuata na maneno yaleyale, nikanywa tena kahawa. Nilirudi hivyo mwaka mzima, na kila mara radhi ilinikwama kooni na kashata iliteremka. Mwisho wake unaujua: nilikwenda kuomba radhi nikarudi na mchumba. Kwa hiyo wewe, mwanangu, ni mtoto wa filimbi ya uongo. Mungu ana njia zake za kucheza baada ya filimbi.

Sasa nije kwenye msimu wenu, maana kama si msimu huu ningenyamaza mpaka kaburini.

Unaujua kuliko mimi, lakini niache niuandike, furaha ya kuuandika ni yangu. Sikudhani nitaishi kuona timu ya wasichana wa chuo cha ng'ambo hii ikipita ligi ya vyuo bila kushindwa mechi hata moja. Kila Jumamosi Kocha Rashidi alinibeba kwenye gari lake na kiti changu cha plastiki, akaniweka karibu na mstari. Nikakuona ukisimama katikati, kitambaa kimebanwa nyuma, hukimbii sana, unatazama tu. Wengine hupewa mpira ndipo wafikirie wampe nani. Wewe mpira ukikufikia, anwani yake imeshaandikwa. Ndiyo maana watu wa Likoni wakakuita Tarishi. "Peleka barua, Tarishi!" Na kweli ukipeleka: kwa yule winga wa Kisauni, kwa mshambuliaji, mpaka mlangoni, wao kazi yao kusaini tu. Yule mama muuza viazi karai aliniambia, "Mwalimu, huyu mtoto wako hapotezi hata waraka mmoja." Nilijibu, "Hakurithi kwangu." Akasema, "Hilo tunalijua, wewe tulikuita kobe." Bado wanakumbuka!

Kisha ikaja nusu fainali. Tuko mbele, na mpira ule mwepesi, wa kusukumwa na mtoto, ukatoka mbali ukaja ukibingirika polepole, na Akinyi kipa wenu amesimama kama anaungojea ugeuke. Ukampita pembeni ukaingia. Uwanja ulipiga kelele mpaka kunguru wakaruka. Kocha akaingia amekasirika, "Akinyi! Umelala?" Na wewe ukaja mbio kutoka katikati, ukasimama mbele yake ukasema, "Ni mimi, Kocha. Nilimpigia kelele auache, nilidhani unatoka nje."

Hukupiga kelele yoyote. Siku ile kiti changu kilikuwa hatua kumi nyuma ya goli. Sikio langu linasikia vizuri siku hizi kuliko lilivyosikia zamani.

Kocha akakupa maneno yako, magumu, mbele ya watu. Ukayapokea ukatazama chini, "Abee, Kocha. Samahani, Kocha." Na mimi kwenye kiti changu nikaona kanzu ya kijivu. Nilimwona babu yako amesimama uwanjani amevaa jezi namba kumi. Hujawahi kuhadithiwa kisa hiki hata siku moja, na ulifanya kilekile, kwa sura ileile, na uongo wako ulikuwa mfupi kama wake. Mlishinda kwa penalti na watu wakasahau. Mimi sikusahau, na nilipofika nyumbani macho mekundu, nilimwambia mama yako nina mafua.

Usidhani nataka kukukataza. Kumsitiri mwenzako ni katika vitu vizuri tulivyo navyo huku kwetu, na kule uendako utakuta watu wanaoanika aibu ya mtu kama shuka, kisha wanauita huo ukweli. Usijifunze hayo. Lakini nimekaa chini ya nguo ya sitara zaidi ya miaka thelathini, na naweza kukuambia kuna nini huko ndani. Kwanza kuna ubaridi mzuri. Baadaye hewa huanza kupungua. Babu yako alinifunika kwa wema, na wema wake ulikuwa mkubwa mno hata nikashindwa kuufunua. Ukimfunika mtu, mwanangu, mwachie upenyo wa kutokea. Siku ya pili mwendee mkiwa wawili tu, umwambie: nimejua, nami nimenyamaza, lakini wewe sema.

Wewe hukumwendea Akinyi. Alikuja mwenyewe. Hili hulijui, kwani ulikuwa chuoni, naye aliniomba nisikwambie kabla ya fainali. Alivuka feri kutoka Chaani kwao siku ya Jumatatu, akakaa hapa barazani kwenye ngazi, akawa anachezea kamba za viatu.

"Mzee," akasema, "niko na kitu inanisumbua."

"Sema, mwanangu."

"Hiyo mpira ya juzi, Mwanaisha hakuniitia. Alinifunika tu. Ukweli mimi sikuiona. Mpira ikiwa mbali siioni poa. Naona kitu tu inacheza-cheza. Tangu mwaka jana."

"Na mbona husemi?"

"Nikisema Kocha ataniweka benchi. Na sasa nisiposema, nitamwangusha Mwanaisha kwa fainali, na atanifunika tena. Mzee, kufunikwa ni kubaya kuliko kutukanwa. Ningekuwa nimetukanwa ningekuwa nimeshalala usingizi."

Nilibaki nimeshika mkongojo. Msichana wa miaka ishirini na moja, mtoto wa mpakia magunia, amelijua kwa siku mbili jambo ambalo mimi na shahada yangu sijalisema kwa nusu ya umri wangu. Nikamwambia kwa sauti ya mwalimu, "Nenda ukaseme. Mapema." Neno hilo likaniuma mdomoni. Akanishukuru, akaondoka. Nami nikabaki na uso wangu, mimi niliyempa mwingine dawa niliyoikimbia.

Yaliyofuata uliyaona. Siku ya fainali, kabla ya kuvaa viatu, akasimama mbele yenu wote akasema, "Kocha, mpira wa mbali siuoni." Kocha Rashidi akamtazama. "Na wa karibu?"

"Wa karibu nauona."

"Goli lenyewe unaliona?"

"Kocha, goli liko nyuma yangu, silihitaji."

Hapo mkaanguka kwa kicheko nyote, na hofu ikatoka mlangoni. Kisha mkakaa mkapanga: beki wa kati atakuwa macho yake, kila mpira wa mbali atauita kwa jina. "Kulia! Juu! Unadunda!" Dakika tisini yule beki, msichana wa Bombolulu, alipiga kelele kama mpiga debe wa stendi, na Akinyi akadaka kila kitu. Na wewe, Tarishi wangu, ukaipeleka ile barua ya mwisho kutoka katikati ya uwanja, juu ya watu wanne, ikamkuta mshambuliaji wenu amesimama peke yake kana kwamba mlikuwa mmeagana. Bao moja kwa bila. Niliinuka kwenye kiti bila mkongojo. Daktari asiambiwe.

Jioni ile, pilau ilipokuwa imeliwa hapa uani na nyinyi mmeanza kucheza muziki wenu, Kocha akaja kukaa karibu yangu, anachokonoa meno. Tukawa tunamsifu Akinyi.

"Yule msichana ni mwanamume," akasema. "Kusema kosa lako mwenyewe, mbele ya watu? Si mchezo."

"Si mchezo," nikasema.

Akaendelea kuchokonoa meno. Kisha akasema, bila kunitazama, "Unajua, mwalimu, ile siku ya adhana mimi nilikuwa na hasira, nikaenda kwenye birika la msikiti kutia udhu nipoe. Watu wote wamekwenda. Nikasikia kitu upande wa kibla. Nikachungulia. Mzee Bakari amesimama mbele ya ukuta, mikono masikioni, anaadhini. Kwa kunong'ona. Adhana nzima, tangu mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayemwambia mwenzake siri. Alipogeuka akaniona. Akaweka kidole mdomoni. Basi."

Nikamuuliza, "Na wewe hukusema?"

"Ningesema nini? Mzee mwenyewe kanyamaza." Akatupa kijiti chake. "Lakini lile bao, mwalimu. Lile bao lilikuwa zuri, eeh?"

Fikiri, Mwanaisha. Maghrib ile mtaa wetu uliswali bila kusikia adhana, kwa sababu mwadhini wake alikuwa ameshatamka kwamba ameadhini, na hakutaka kunifedhehesha. Aliuambia ukuta. Na Rashidi amelijua hilo miaka yote, amenibeba kwenye gari lake kila Jumamosi na kiti changu, amenifungia mlango kwa adabu, na hajaniuliza.

Unadhani nilimjibu nini? Nilikohoa. Nikaomba maji. Nilikuwa na nafasi imewekwa mbele yangu kama penalti isiyo na kipa, nikaomba maji.

Kitandani nikamweleza mama yako yote, nikilia kidogo, nikingojea anigeuzie mgongo. Alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja. Akasema, "Hilo? Baba aliniambia kabla hajaniozesha."

"Alikwambia nini?"

"Nilimuuliza, mbona umekubali mjane mtu mzima na kuna vijana wameleta posa? Akasema: hao vijana makosa yao bado hatujayajua. La huyu mwalimu tunalijua, na si la kupiga mke."

Nimelala na mwanamke huyu miaka yote hii nikilinda siri ambayo yeye alikuja nayo kwenye sanduku lake la harusi. Nilicheka mpaka moyo ukanishika, akanipa dawa, naye akacheka. Hivyo usije ukafikiri barua hii ni ya huzuni. Mimi ndiye mtu wa mwisho kuujua msamaha wake mwenyewe. Ni kichekesho, na nimefurahi kwamba nimewahi kukiona.

Lakini kusamehewa na kusema si kitu kimoja. Mzee Bakari yuko kaburini na jina lisilo lake. Rashidi ana bao ambalo halipo. Na mimi nikiachwa peke yangu na ujasiri wangu, nitaomba maji tena, najifahamu. Ndiyo maana nimekuandikia leo, uisome barua hii kabla hujalala. Ukishaisoma sina tena pa kujificha. Kesho utakuwa umekaa mbele yangu, unajua, nami najua kwamba unajua.

Mpango ni huu. Treni yako ni ya saa tisa. Kocha atakuja saa nne na gari ili mpite njia ya Dongo Kundu bila kugombana na feri. Akinyi na wenzako watakuja kukuaga, majirani watakuwepo, wale wa kahawa nao hawakosi penye visheti. Kabla sanduku halijapakiwa nitaomba wote tuvuke njia, tuingie uwanjani. Ni hatua sitini, nimezipima wiki hii. Nitasimama pale nilipokuwa nimesimama, karibu na mstari wa upande wa msikiti. Nitasema mbele ya watu kwamba sikusikia adhana, na kwamba Mzee Bakari hakuadhini mapema hata siku moja katika maisha yake. Kisha nitapuliza filimbi. Nimeipata kwenye mtoto wa meza, ina kutu lakini inalia. Nitainua mkono nionyeshe katikati ya uwanja, kama refa anavyoonyesha bao likikubaliwa. Rashidi akitaka kushangilia ashangilie. Ana kitambi, lakini bao ni lake, ameningojea nalo muda mrefu.

Nawe utaondoka. Sina neno la kukupa juu ya mpira, unaujua. Juu ya makosa nina hili tu: utakosea huko, na siku ya kwanza kosa ni jepesi kulisema, kama mfuko wa pamba. Liache linyeshewe na mvua, kisha ujaribu kulibeba. Likisemwa kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa lugha ya Akinyi, ni sawa. Piga simu unieleze. Kama nipo nitacheka nawe. Kama sipo, mweleze mama yako. Utagundua anajua tayari.

Mkono umechoka na mwanga unapungua hapa barazani. Naona mmelifunga sanduku, mmelikalia wawili. Sasa hivi mwadhini ameanza. Hii nimeisikia kweli, Mwanaisha, nawe umeisikia, maana umenyamaza.

Kesho tukivuka njia kwenda uwanjani, watu watataka kunishika mkono, na wewe utakuwa wa kwanza. Usinishike. Refa hashikwi mkono.

Babako,
aliyekuwa amechelewa